Alhamisi za Kiongozi wa Wadogo

Ijumaa, tarehe 22, mwezi wa nane. Asubuhi kulikuwa na ukungu mzito, hata nyumba ya jirani sikuiona vizuri. Saa tano jua likatoka kwa nguvu. Saa tisa mvua ikapiga nusu saa tu, kisha ikaelekea upande wa Congo na kutuachia matope.

Nimerudi kutoka Koboko saa kumi, viatu mkononi. Naandika hapa barazani wakati chakula kinapikwa, maana nikingoja kesho nitaanza kujiona mjinga na sitaandika kitu. Keshokutwa, Jumapili, baada ya ibada, kamati ya kanisa itaniuliza mbele ya watu kama nakubali kuongoza kikundi cha Wadogo. Nikikataa, kikundi kitafungwa. Mwenyekiti alisema hivyo bila hasira: hakuna mtu mwingine, na kwaya wanakitaka chumba chetu wawekee ngoma zao. Watoto thelathini na wawili, wa miaka sita hadi tisa, wataambiwa wakae na vijana wakubwa. Sote tunajua maana yake. Watakaa benchi la nyuma na kusinzia.

Mimi niliishia darasa la sita. Kwa miaka tisa nimekuwa msaidizi tu: kubeba maji, kukusanya mikasi, kufuta watoto pua. Aliyeongoza ni yeye, mtu ambaye sote tulimwita Kiongozi, hata mchungaji, hata mke wake. Mwaka huu magoti yalimshinda akarudi kwao Midia, huko Koboko. Kwa hiyo kabla sijajibu, nataka kumwandika nilivyomjua, mazuri na mabaya, nione kama kazi yake ni kazi ninayoiweza. Nitajitahidi kuwa wa haki kwake. Pale ambapo sina hakika nitasema sina hakika.

Alikuwa fundi wa baisikeli hapa mtaani kwetu Awindiri, na hata siku ya Jumapili, amevaa shati jeupe, alinukia gundi ya kuziba pancha. Kucha zake zilikuwa nyeusi siku zote. Mama mmoja wa kanisani alimwambia, "Kiongozi, na hizo kucha unashika watoto wetu?" Akazitazama kama ndiyo kwanza azione. "Mama, hii si uchafu. Hii iko kazi imeingia ndani, imekataa kutoka." Yule mama akacheka, lakini wiki iliyofuata alimletea kipande cha sabuni, naye akakipokea kwa mikono miwili, na kucha zikabaki nyeusi vilevile.

Watu wengi waliomsifu walisifu Jumamosi zake, siku watoto walipokutana, kwa sababu Jumamosi ndiyo waliyoiona. Mimi nitasema Jumamosi haikuwa kitu. Kazi yote ilikuwa Alhamisi.

Kila Alhamisi saa kumi sisi wasaidizi wanne tulikutana kibandani kwake, katikati ya magurudumu. Hakufungua daftari. Alitandika mkeka, akaweka juu yake kile kitu ambacho watoto wangejifunza: muhogo na kisu butu, au kamba, au sindano na shati lisilo na kifungo. Halafu alisema neno moja, "Kushoto." Hapo kila mmoja wetu alilazimika kuifanya kazi ile kwa mkono wa kushoto, huku yeye akiimba wimbo wa kanisani wenye beti nne, polepole, bila kutazama mtu. Wimbo ukiisha, mikono juu.

Mara ya kwanza nilidhani anatucheza shere. Mimi nashona nguo za watu kwa riziki, lakini kwa mkono wa kushoto uzi ulinizunguka kidoleni kama naushika kwa mara ya kwanza. Driciru, mwenzangu, ambaye ana mikono myepesi kuliko yangu, alimaliza beti zote nne bila kuupitisha uzi kwenye tundu.

"Umeona?" Kiongozi akamwambia. "Sasa wewe uko na miaka sita. Karibu."

"Kwa hiyo watoto wasishone?"

"Watashona. Lakini Jumamosi hii ni kutia uzi peke yake. Kifungo kitangoja."

Na kweli Jumamosi ile watoto walitia uzi kwenye sindano, wakautoa, wakautia tena, asubuhi nzima. Wazazi walisema sana. Baba mmoja alisimama mlangoni akauliza kwa sauti kama mtoto wake ameamka alfajiri aje kutia uzi. Kiongozi aliendelea kugawa uzi. Juma lililofuata tulipoleta vifungo, hakuna mtoto hata mmoja aliyekuja kwangu kulia kwamba uzi umetoka. Nilikaa mikono mitupu, sikuzoea.

Hivyo ndivyo alivyopanga. Kitu chochote ambacho mtu mzima hakukiweza kwa mkono wa kushoto ndani ya beti nne, alikikata vipande viwili. Kilichobaki kigumu akakikata tena. Kufunga mbuzi kamba isiyomkaba, kazi ambayo mimi ningeifundisha kwa dakika tano, yeye aliifanya ya Jumamosi tatu, ya kwanza bila mbuzi, ya pili mguu wa kiti ukiwa ndio mbuzi, na ya tatu mbuzi mwenyewe, aliyeazimwa, ambaye alikula karatasi ya mahudhurio.

Jambo la pili aliloliangalia Alhamisi ni kwamba mtoto atarudi nyumbani na nini. Hakuwa na maana ya kitu cha kubeba. Alitaka jioni ileile mama wa mtoto aone kuna kazi imepungua. Ndiyo maana hatukupaka rangi wala kukata maua ya karatasi kama vikundi vingine, na hapo mimi nadhani alikosea kidogo, kwa sababu watoto wanapenda rangi na si kila kitu lazima kisaidie nyumba. Nilimwambia hilo mara moja. Alisema, "Rangi iko, baada ya dengu." Tulikuwa tunachambua dengu. Rangi haikuja kamwe.

Lakini kuosha jerikeni kwa mchanga na vijiwe walijua. Kukunja mkeka ili usivunjike ukingoni walijua. Na kupeleka ujumbe. Hilo la ujumbe alilipenda kuliko yote. Alimpa mtoto maneno matatu ya kubeba kichwani, akamtuma nyumba ya tatu, na mtoto alipaswa kurudi na majibu matatu. Alhamisi tulikuwa tumejaribu sisi wenyewe, na Driciru alisahau la pili, kwa hiyo ilipangwa waanze na mawili. Kiongozi siku ile alikuwa na haraka, akawapa matatu. Mtoto mmoja alitumwa kwa mchungaji aulize kama ana nyundo, mguu wa mama unaendeleaje, na mvua ikinyesha tukae wapi. Akarudi anatweta. "Mchungaji anasema mguu wa mama uko na nyundo, na ukinyesha tutakaa juu yake."

Tulicheka hadi tukashika ukuta. Kiongozi hakucheka. Alisema, "Kosa ni langu. Nilijua ni mawili." Jambo hili naliandika kwa sababu nilishamsikia akikataa makosa makubwa kuliko hilo.

Watoto wetu hawakuwa wa lugha moja. Kuna Walugbara wa hapahapa, kuna Wakakwa, na kuna waliovuka kutoka Sudan Kusini na mama zao na sasa wanakaa mtaani kwetu, wanaongea Kiarabu chao cha Juba. Kiswahili cha Kiongozi kilikuwa cha gereji, hakina adabu ya vitabu. Kwa hiyo alikataa maelezo. Mtu yeyote wetu akianza "Leo watoto tutajifunza," alimkatiza. "Onyesha kwanza. Maneno iko ya sisi wazee." Alikaa chini, akaifanya kazi mara moja, taratibu, kimya, na watoto wote kimya, halafu akafungua viganja kama mtu anayesema nimemaliza. Nimejaribu hilo nyumbani na wanangu. Mimi siwezi kukaa kimya muda huo wote. Labda ni mazoezi tu, au labda ni kitu mtu anacho au hana.

Sasa mabaya, ili niwe wa haki.

Alikuwa mvumilivu kwa watoto na mkali kwetu. Mtoto akimwaga maji, alisogeza mguu tu. Msaidizi akisahau mikasi, ilikuwa kesi. Siku moja Driciru aliacha mikasi yote nyumbani, na Kiongozi akamwambia mbele ya watoto, "Wewe ndiyo mutu mzima hapa, au nitafute mwingine?" Driciru alilia nyuma ya choo. Hakuombwa msamaha. Alhamisi iliyofuata alikuta mnyororo wa baisikeli yake umetiwa mafuta na breki zimebadilishwa. Mimi nasema huo ndio ulikuwa msamaha. Driciru mpaka leo anasema breki ni breki.

Alikataza zawadi. Mtoto asipewe pipi kwa kufanya vizuri, alisema, maana kesho ataifanya kazi kwa ajili ya pipi. Lakini yeye mwenyewe alikuwa na pipi mfukoni, akazila palepale mbele ya watoto thelathini wanaomeza mate. Nilipomwambia haipendezi, alishangaa. "Mimi sikushinda kitu. Mimi iko na njaa tu."

Aliogopa mabata. Sitasema zaidi, ila tulipita njia ndefu kwenda kisimani kwa miaka tisa. Na akishindwa kwenye mchezo wa ludo na watoto alinuna kweli, si mzaha, mpaka mtoto wa miaka saba alimpigapiga mgongoni akamwambia, "Pole, Kiongozi, utashinda kesho." Akamjibu, "Kesho sichezi."

Tena alikuwa mtu wa mpango hadi anachosha, lakini mpango wenyewe aliuacha kwa urahisi kuliko sisi tuliousumbukia. Jumamosi moja tulikuwa tumejiandaa kusuka kamba. Mvua ikaja na upepo, na paa la chumba likaanza kuvuja sehemu saba. Sisi wasaidizi tukakimbia huku na huku kuokoa katani isilowe. Kiongozi akasimama katikati, akahesabu matone, akasema, "Nani atanikingia maji yote bila tone kwenda chini?" Kikundi kizima kikaenda kutafuta sufuria, vikombe, makopo. Walijifunza kukinga maji, kuyachuja kwa kitambaa, na kujua chombo gani kinajaa kwanza. Katani ikalowa yote. Nilimuuliza kama hilo tulilipanga. "Hapana. Lakini tulipanga mpaka sasa tunajua kuacha." Sijui kama nimelielewa jibu hilo. Naliandika vile alivyolisema.

Kuna kosa moja lililotaka kutumaliza, nalo lilitoka kwenye ule mkono wa kushoto.

Kibanda chake kilikuwa na nafasi kati ya mbao. Hatukujua kwamba watoto walikuja Alhamisi kuchungulia. Walichokiona ni hiki: watu wazima wanne wa kanisa, wamekaa mkekani, wanamenya muhogo kwa mkono wa kushoto, kwa bidii, huku Kiongozi anaimba wimbo wa ibada. Wakaelewa kwamba hiyo ndiyo siri ya wakubwa. Jumamosi tukashangaa watoto kumi na kitu wanashika visu kwa kushoto. Tukawageuza mikono, tukadhani ni utundu. Lakini nyumbani waliendelea. Msichana mmoja alimpelekea babu yake chakula kwa mkono wa kushoto, sahani imenyooshwa, uso umejaa heshima.

Babu huyo ni mzee wa Logiri, alikuwa amekuja mjini kuwasalimu wanawe. Hakula. Aliweka kofia yake kichwani na kuja moja kwa moja hadi kanisani, na sisi tulikuwa tunafagia.

"Nani hapa anafundisha watoto kunipa chakula kama mbwa?"

Mimi niliangalia fagio langu. Kiongozi alitoka mbele.

"Ni mimi, mzee."

"Wewe fundi wa baisikeli?"

"Mimi huyohuyo."

"Na kwenu Koboko ndiyo mnapeana hivyo?"

"Hapana, mzee. Kwetu pia ni tusi." Akaeleza yote, muhogo, wimbo, beti nne. Yule mzee alisikiliza akiwa amekunja uso. Mwishoni akauliza, "Kwa hiyo nyinyi mnajifanya watoto?"

"Alhamisi tu, mzee."

Mzee hakucheka, ingawa Driciru anasema alicheka. Alisema mjukuu wake arekebishwe. Kiongozi alienda na mzee mpaka nyumbani, akaomba maji, akamnawisha mikono mwenyewe, akampa chakula kilekile kilichopoa kwa mikono miwili, amepiga magoti, na magoti yake tayari yalikuwa mabovu. Jumamosi akawakalisha watoto wote na kwa mara moja tu katika miaka yangu tisa alitumia maneno mengi. "Sisi wakubwa tumesahau kuwa wadogo. Tunatumia mkono usiojua ili tukumbuke. Chakula iko mkono wa kulia. Mumesikia?" Wakasikia. Halafu wakaomba kuja kutuangalia Alhamisi waziwazi, na akawakubalia, na toka siku hiyo tulipanga mbele ya watazamaji waliokuwa wakitucheka kila uzi ulipotutoroka.

Huyo ndiye mtu. Nimeacha mengi, na huenda niliyoacha ndiyo ya maana.

Sasa leo.

Nilikwenda na mpango wangu. Wiki mbili nimeuandika, kurasa nne, nikafuta, nikaandika tena. Nilitaka ausome, aniambie kama unafaa au niwaambie kamati hapana. Nilipanda gari asubuhi kwenye ukungu, nikashuka Koboko mjini, na boda ikanifikisha Midia. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, amezungukwa na karanga zilizong'olewa, anazitenga na majani yake. Amekonda. Kucha, kwa mara ya kwanza, ni safi, na sikupenda kuziona hivyo.

"Msaidizi!" aliita kabla sijafika. "Bata hawajakugusa njiani?"

Mke wake alinipa maji na karanga mbichi. Tukasalimiana, tukaulizana habari za nyumba, za mvua, za Driciru. Kisha nikampa karatasi. Jumamosi ya kwanza nilikuwa nimeandika kupanda vitunguu kwenye gunia la udongo, ili hata nyumba isiyo na shamba iwe na mboga mlangoni. Gunia moja, kijiti kimoja cha kutobolea. Chini yake orodha ya majina thelathini na mawili. Kila mtoto zamu moja, sawasawa na mwenzake, na aliyekuwa wa mwisho wiki hii anakuwa wa kwanza wiki ijayo. Orodha hiyo ndiyo niliyojivunia. Nilikuwa nimeipanga hivyo ili mtoto yeyote asionewe.

Alisoma kwa kidole, midomo ikitikisika. Akafika mwisho wa orodha.

"Huyu wa thelathini na mbili, Poni. Atagusa udongo saa ngapi?"

Nikahesabu. "Baada ya saa mbili hivi. Kasoro kidogo."

"Na kabla ya hapo anafanya nini?"

"Anangoja. Lakini wiki ijayo yeye ni wa kwanza."

Alianza kucheka. Alicheka akakohoa, mpaka mke wake akatoka ndani kuangalia. "Mama, njoo uone. Msaidizi amepeleka watoto wangu hospitali. Wote wako foleni, kila mmoja na namba yake!"

"Usimcheke mgeni," mke wake alisema.

"Simcheki yeye. Nacheka foleni."

Nilitaka kukunja karatasi niondoke. Nilisema moyoni, basi, jibu umelipata, Jumapili sema hapana. Na hapo nikasema kitu ambacho kwa miaka tisa sikukisema, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Na kwako ilikuwaje, Kiongozi? Kwako mwenye mkono mrefu ndiye aliyeshika. Huyo Poni unayemsoma hapo, muhula mzima wa kushona hakushona."

"Alishona. Alikuwa anakaa palepale mbele."

"Alikaa. Mimi ndiye nilikuwa nakusanya sindano. Kila Jumamosi sindano yake ilirudi na uzi mzima, haujapungua hata kidogo. Wenzake walimnyang'anya kitambaa, na yeye hakulia, kwa hiyo hukuona."

Aliacha kutenga karanga.

"Kila Jumamosi?"

"Kila Jumamosi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa Kiongozi."

Mke wake alikuwa bado amesimama mlangoni. Kuku akaja kula karanga na hakuna aliyemfukuza. Mwishowe Kiongozi alisema, polepole, "Hiyo sikuona. Mimi nilidhani naona yote." Halafu akageuka. "Mama, gunia iko?"

Yalikuwepo mawili, ya zamani ya mkaa, tukayajaza udongo. Mke wake alileta miche ya vitunguu kutoka bustani yake, na wajukuu watatu wakaja mbio, na nyuma yao watoto wa majirani, jumla wanane. Kiongozi akasogeza kigoda pembeni. "Haya, fanya."

Niliwapanga mstari. Nilijua si sawa lakini ndicho nilichokuwa nimeandika. Kabla wa pili hajapanda, wa nyuma walikuwa wanasukumana, na mmoja alishaondoka kufuata kuku. Kiongozi alinitazama tu, na hilo lilikuwa baya kuliko kicheko. Nikawasimamisha. Nikawagawa wawili wawili, mmoja anafungua mdomo wa gunia na kushika mche usilale, mwingine anatoboa na kupanda, kisha wanabadilishana. Wawili waliomaliza hawaondoki mpaka wawaonyeshe wawili ambao bado. Magunia mawili, pande mbili kila moja, watoto wanane wote mikono imechafuka kwa wakati mmoja. Sikuwaza sana. Nilimuwaza Poni tu, nikajiuliza katika mpangilio huu nani anaweza kumnyang'anya, na sikumwona mtu, kwa sababu bila yeye mwenzake hawezi kupanda.

Mjukuu mdogo kabisa alipanda mche wake kichwa chini, mizizi inaangalia mbinguni. Kiongozi akanyanyuka nusu, mkono umeshatangulia.

"Kiongozi, acha," nikasema. "Mwenzake ataona."

Akabaki vile, hajakaa hajasimama. Mwenzake, msichana wa jirani, aliutazama ule mche, akamtazama mdogo, akacheka. "Wewe umemzika!" Akauchomoa, akaugeuza, akampa apande mwenyewe.

"Na mimi?" Kiongozi aliuliza. "Mimi nafanya nini hapa?"

Gunia moja lilikuwa linainama. "Wewe shika gunia," nikamwambia.

Akasogea na kigoda chake, taratibu kwa ajili ya magoti, akalikumbatia gunia kwa mikono yote miwili, udongo unamwagikia shati, na akalishika hadi mche wa mwisho. Hakutoa ushauri hata mmoja. Mara mbili nilimwona anafungua mdomo na kuufunga.

Baadaye tulikunywa chai. Nilipoinuka alichukua zile kurasa nne. "Niachie hii. Nitaitengeneza, nitakutumia na mtu."

"Hapana, siachi," nikasema. "Naiandika upya kesho. Jumapili lazima niisome mbele ya kamati, na Jumamosi inayofuata naanza nayo."

Akanirudishia. Alitikisa kichwa kukubali, akanipa karanga kwenye mfuko, akarudi kwenye kigoda. Nilikuwa tayari nimepanda boda, tunapita kanisa la Midia, ndipo nikasikia nilichokuwa nimekisema, na nikamwambia dereva wa boda, "Nimekubali." Akasema, "Umekubali nini, mama?" Nikamwambia aendelee tu, tusije tukanyeshewa.

Bado naogopa. Sauti yangu inatetemeka nikisoma mbele ya watu, na kurasa za pili na tatu zina foleni nyingine ambazo lazima nizivunje kabla ya Jumapili. Lakini nimemwambia mume wangu, na nimemwambia Driciru kwa simu. Amesema Alhamisi atakuja, ila mikasi nibebe mimi.

Naongeza baada ya kula: jioni tumekula enyasa, ugali wetu wa muhogo na ulezi, majani ya kunde yaliyopikwa kwa simsim, na samaki mkavu mmoja tuliyemgawana. Mama mkwe alipewa kichwa kwa sababu anakipenda. Karanga za Midia watoto walizimaliza kabla ya chakula, kwa hiyo enyasa ilibaki, na mimi nikajiongezea.